Kula kwenye mgahawa wa Kifaransa wa hadhi ya juu: kuanzia kubuki meza hadi kulipa bili

Mambo mengi yanayoharibu mlo kwenye mgahawa wa Kifaransa wa hadhi ya juu hayahusiani na uma wa kushika kwanza. Yanatokana na kunyamaza. Mtu hakusema mapema kwamba kamba wanamdhuru, hakuuliza bei ya samaki aliyetajwa kwa mdomo, hakumwambia mtaalamu wa mvinyo kiasi alichopanga kutumia, kisha akala nyama aliyoiona mbichi kwa sababu aliona haya kuirudisha. Wahudumu wa migahawa hii wamefunzwa kujibu maswali, na kazi hiyo imo kwenye bei unayolipa. Adabu za mezani zipo, lakini ni chache kuliko watu wanavyoogopa.

Chagua saa na aina ya mlo

Tovuti ya mgahawa huwa na orodha mbili. Iliyoandikwa "carte" ni ya kuchagua sahani moja moja, kila moja na bei yake. Iliyoandikwa "menu" ni mlo kamili wa bei moja, wenye sahani mbili, tatu au zaidi. "Menu dégustation" ni mlo wa kuonja: sahani ndogo ndogo sita hadi kumi, wakati mwingine zaidi, alizozipanga mpishi mwenyewe. Huchukua saa mbili na nusu hadi nne, na migahawa mingi hutaka meza nzima iagize huo huo, kwa sababu ukimpa mmoja sahani nane na mwenzake tatu, kuna atakayekaa akimtazama mwingine akila.

Kama ni mara yako ya kwanza, nenda mchana siku ya kazi. Jiko ni lile lile, wapishi ni wale wale, na menu ya mchana mara nyingi ni nusu ya bei ya usiku au pungufu. Ugumu uko kwenye muda. Nchini Ufaransa oda za mchana hupokelewa kuanzia saa 6 hadi kama saa 7 na nusu. Ukitokea saa 8 na nusu, jiko limeshafungwa. Mlo wa usiku huanza saa 1 au saa 1 na nusu. Paris, migahawa mingi ya kiwango hiki hufunga Jumapili na Jumatatu, na mingi hufunga wiki kadhaa mwezi Agosti, kwa hiyo angalia kalenda yao kabla hujapanga safari.

Usihangaike sana na nyota. Mwongozo wa Michelin, kitabu cha Kifaransa kinachopima migahawa na kilichotoa nyota zake za kwanza mwaka 1926, hupima kilichomo kwenye sahani. Mapazia na vinara havihesabiki. Mgahawa wa nyota moja unaweza kuwa na meza zisizo na vitambaa, na ule wenye dari ya dhahabu ukawa hauna nyota hata moja.

Kuhusu pesa, bei ya menu ni mwanzo tu. Makadirio yanayosaidia ni haya: menu ikiwa 100, asiyekunywa pombe ahesabu 115 hadi 130 akijumlisha maji, juisi na kahawa. Anayekunywa kwa kiasi ahesabu 160 hadi 180. Ukichukua mvinyo uliopangwa kwa kila sahani, bili inaweza kukaribia mara mbili ya bei ya menu. Bakshishi ni hesabu nyingine, tutaifikia.

Kubuki

Meza za Ijumaa na Jumamosi usiku kwenye migahawa inayovuma huisha wiki kadhaa kabla. Mfumo wa kubuki mara nyingi huomba namba ya kadi. Kwa kawaida pesa hazikatwi papo hapo, lakini usipotokea, au ukifuta zikiwa zimebaki saa 24 au 48, hukatwa kiasi fulani kwa kila kichwa. Soma kipengele hicho hadi mwisho: wapo wanaotoza hata meza ya wanne inapokuja na watatu.

Kwenye ujumbe wa kubuki andika kila kitu kwa mara moja: idadi ya watu, aleji, vyakula msivyokula, kama kuna kiti cha magurudumu au mtoto, na saa ambayo lazima muwe mmeondoka. Hilo la mwisho husahaulika sana. Ukilisema mapema, jikoni wataupanga mwendo wa sahani. Ukilisema katikati ya mlo, hakuna wa kukusaidia.

Ukiona utachelewa zaidi ya dakika 15, piga simu. Wageni hupangiwa saa zinazopishana kidogo ili oda zote zisiingie jikoni kwa pamoja. Ukichelewa nusu saa unaangukia kwenye kundi linalofuata, na hapo kusubiri hakuepukiki hata kama meza yako bado ipo.

Mavazi: nguo nadhifu na viatu vya kufunika vidole hutosha kwa walio wengi. Wachache bado hudai koti kwa wanaume, na wataandika hivyo kwenye tovuti. Punguza manukato, maana meza ya jirani imelipia harufu ya chakula.

Usichokula kiseme mapema, na ukiseme kwa undani

Upishi wa Kifaransa umejengwa juu ya siagi, krimu, mvinyo na supu ya mifupa iliyochemshwa kwa saa nyingi. Kwa hiyo kusema "sili nguruwe" au "sinywi pombe" hakutoshi. Mhudumu ataondoa kipande cha nyama ya nguruwe na glasi, na vilivyofichika vitabaki.

Nguruwe hujificha kwenye "lardons", vipande vidogo vilivyotiwa chumvi vinavyowekwa kwenye saladi, kwenye "quiche lorraine" (pai ya mayai na krimu) na kwenye nyama za kuchemsha taratibu. Hujificha pia kwenye "terrine" na "pâté", nyama iliyosagwa na kuokwa kisha ikakatwa vipande: hata inayoitwa ya bata au ya sungura mara nyingi huchanganywa na mafuta ya nguruwe ili isikauke. Kisha kuna jelatini, inayoshikilia vitindamlo vingi vya krimu.

Mvinyo umo kwenye "coq au vin" (kuku), "bœuf bourguignon" (nyama ya ng'ombe), kome wa "marinière", na hata kwenye "beurre blanc", ule mchuzi mweupe wa siagi unaomwagiwa samaki. Konyaki huingia kwenye mchuzi wa pilipili manga wa steki. "Baba au rhum", keki laini, hulowekwa kwenye ramu. Usikubali jibu kwamba pombe yote huruka motoni. Majedwali ya Wizara ya Kilimo ya Marekani yanaonyesha kuwa chakula kilichochemshwa dakika 15 baada ya kutiwa pombe hubaki na takriban asilimia 40 yake. Kikichemshwa saa mbili na nusu hubaki na asilimia 5. Na kile kinachowashwa moto mbele yako kwa mbwembwe hubaki na asilimia 75.

Sentensi ya kuandika ni kama hii: "Mmoja wetu hali nguruwe wa aina yoyote, pamoja na mafuta na jelatini yake, wala pombe kwenye michuzi na vitindamlo." Iandike siku kadhaa kabla, kwa kuwa michuzi huanza kupikwa asubuhi, mingine jana yake. Ukisema mezani usiku, mpishi hana la kubadilisha zaidi ya kukuondolea mchuzi, na sahani ya Kifaransa bila mchuzi ni hasara tupu. Mla mboga naye aulize kuhusu supu ya mifupa, kwani supu ya mboga yenye rangi nzuri inaweza kuwa imepikwa kwa mchuzi wa kuku.

Kwa aleji, nchi za Umoja wa Ulaya zina orodha ya vyakula 14 ambavyo mgahawa unalazimika kukueleza kama vimo: karanga, mayai, maziwa, ngano, ufuta na vinginevyo. Uliza bila kuomba radhi.

Maneno yanayonasa watu kwenye menyu

"Ris de veau" si wali. Wali ni "riz", kwa z. "Ris" ni tezi laini ya shingoni mwa ndama, tamu sana kwa anayeijua na mshtuko kwa asiyeijua. "Tartare" ni nyama au samaki mbichi aliyekatwakatwa. "Andouillette" ni soseji ya matumbo yenye harufu kali, na Wafaransa wenyewe hugawanyika juu yake. "Boudin noir" ni ya damu, "rognons" ni figo, "cervelle" ni ubongo, "cuisses de grenouille" ni miguu ya chura. "Foie gras" ni ini la bata au bata bukini aliyenoneshwa. "Entrée" nchini Ufaransa ni sahani ya kuanzia, ilhali Marekani neno hilo hilo lina maana ya chakula kikuu. Ukiwa New York angalia bei ili ujue limekaa wapi.

Halafu kuna maneno ya pesa. "Supplément" ni nyongeza juu ya bei ya menu. "Pour deux personnes" ni sahani ya watu wawili, na mara nyingine bei iliyoandikwa ni ya kila mmoja. "Selon arrivage" inategemea kilichoingia siku hiyo. Linaloumiza zaidi ni "les 100 g": kambakoche mwenye gramu 700 analipiwa mara saba ya bei iliyoandikwa. Kabla hajapelekwa jikoni uliza ana uzito gani na atafika kiasi gani.

Mitego miwili haiandikwi popote. Wa kwanza ni mkokoteni wa shampeni unaosukumwa hadi mezani hata hujakaa vizuri, na swali la upole, "Glasi moja ya kuanzia?" Si zawadi. Wa pili ni uyoga wa trufeli unaokunwa juu ya chakula chako mbele ya macho yako. Kwa yote mawili jibu ni moja: "Ni kiasi gani?" Kinyume chake, vitafunio vidogo usivyoviagiza vinavyokuja kabla ya sahani ya kwanza, vinavyoitwa "amuse-bouche", pamoja na mkate, nchini Ufaransa havilipiwi kivyake.

Kuagiza

Kama mwenyeji wako ndiye aliyebuki, usishangae menyu yako ikija haina bei. Ni desturi ya zamani ambayo nyumba chache bado zinaifuata: bei ziko kwenye ile ya mwenyeji. Sikiliza yeye anaagiza nini, ukae karibu na hapo.

Kiwango cha kuiva kwa nyama ndipo wengi hukosana na jiko. "Bleu" imeguswa na moto nje tu. "Saignant" ni nyekundu ndani, kama nyuzi 50 hadi 52. "À point" ni ya waridi, nyuzi 55 hadi 58, na ndiyo inayowashangaza waliotarajia nyama iliyoiva wastani, maana Wafaransa husimama hatua moja nyuma ya wengine. "Bien cuit" imeiva yote. Kidari cha bata, "magret", huletwa cha waridi usipotamka vingine.

Anayependa nyama iliyoiva kabisa asilazimishe steki. Steki ya "bien cuit" hukauka, na hakuna mpishi atakayeipenda. Aagize vilivyopikwa taratibu: paja la bata la "confit" lililoivia ndani ya mafuta yake hadi nyama inaachana na mfupa, au "joue de bœuf", shavu la ng'ombe lililochemshwa kwa saa nyingi. Vinaiva kikamilifu na vinabaki laini. Kwa maoni yetu, hizo ndizo sahani Wafaransa wanazozipika vizuri kuliko steki yoyote.

Kama kuna "soufflé", chakula chepesi cha mayai kinachoumuka tanurini, iagize mwanzoni pamoja na vingine. Inahitaji dakika 20 hadi 30 za tanuri na huanza kushuka dakika chache baada ya kutoka. Ikifika, acha simu, acha picha, kula.

Mvinyo na maji

Nchini Ufaransa mgahawa lazima ukupe maji ya kunywa bure ukiyaomba. Sema "une carafe d'eau". Ukiulizwa tu kama unataka yenye gesi au yasiyo na gesi, hayo ni ya chupa na yataingia kwenye bili.

Mtaalamu wa mvinyo, "sommelier", anataka kujua mambo matatu: mtakula nini, mnapenda mwepesi au mzito, na mna kiasi gani. La tatu linasemwa bila wageni wako kusikia: fungua orodha, weka kidole juu ya bei unayoimudu na useme, "Tunatafuta kitu cha aina hii." Ataelewa, na hatapanda juu ya hapo.

Chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano hadi sita. Kwa wawili, nusu chupa ya mililita 375 na glasi moja moja za nyongeza mara nyingi hutosha. Akikumiminia tone la kuonja, haulizi kama umeupenda. Anakuomba uhakikishe haujaharibika. Unuse: ukinuka kama boksi lililolowa au ghala lenye ukungu, kizibo kimeuharibu, na chupa itabadilishwa. Ukiwa mzima, itikia kwa kichwa, basi.

Asiyekunywa pombe aulize kama kuna vinywaji vya kuambatana na mlo visivyo na kilevi. Migahawa mingi siku hizi huviandaa kwa juisi, chai na viungo.

Mezani

Uma na visu hutumika kuanzia nje kwenda ndani, na ukikosea mhudumu atakuletea kingine bila neno. Mkate wako uko kushoto, glasi zako kulia. Kwenye meza ya duara hilo linazuia ugomvi. Mkate humegwa kwa mkono, haukatwi kwa kisu. Viganja hukaa juu ya ukingo wa meza, viwiko hapana. Ukitoka kidogo, acha kitambaa cha kujifutia kwenye kiti au pembeni ya sahani. Ukimaliza, laza kisu na uma sambamba ndani ya sahani. Ukipumzika tu, viache vimetengana, vinginevyo sahani itaondoka. Bakuli dogo la maji lenye kipande cha limau ni la kusafishia vidole.

Kijiko bapa chenye mkato mdogo ubavuni si kijiko kilichoharibika. Ni cha mchuzi: kikwangue juu ya sahani, mchuzi uingie kijikoni bila kuchota kipande cha samaki.

Konokono ndio wenye kazi. Huja sita au kumi na wawili kwenye sahani yenye vishimo, wakielea kwenye siagi ya vitunguu saumu yenye moto mkali. Koleo lake hufanya kazi kinyume na koleo la kawaida: ukiminya mshikio, mdomo unafunguka, ukiachia, unafumba na kulishika gamba. Ndiyo maana anayeminya kwa nguvu katikati ya kazi huliona gamba likiruka hadi meza ya pili. Shika koleo kwa mkono wa kushoto, achia, kisha kwa kulia ingiza uma mdogo wa meno mawili na uuzungushe kidogo kufuata msokoto wa gamba. Nyama ikitoka, inamisha gamba, siagi imwagike kishimoni, uichovye kwa mkate.

Chaza huuzwa kwa nusu dazeni au dazeni, na namba zao zimegeuzwa: namba 2 ni mkubwa, namba 5 ni mdogo. Anayeanza aombe wadogo.

Jibini, kitindamlo, kahawa

Jibini huja kabla ya kitindamlo, pengine kwa mkokoteni. Chagua tatu hadi tano na umwachie mhudumu akate. Anza na laini, za mbuzi, umalizie na ya buluu kama Roquefort, vinginevyo hutasikia ladha ya zinazofuata. Ganda la Brie na Camembert linalika. Gumu la Comté huachwa. Kahawa huja baada ya kitindamlo, haiji pamoja nacho, na ni nyeusi.

Kitu kikiharibika, na bili

Lalamika kwenye kipande cha pili, si cha mwisho. Nyama haikuiva ulivyoagiza, samaki ana harufu, mchuzi umepoa: mwite mhudumu, taja kasoro moja kwa sauti ya kawaida. Sahani iliyoguswa kidogo hubadilishwa bila mjadala. Iliyokwisha haina ushahidi.

Bili haiji hadi uiombe, kwa sababu kuileta mapema ni kama kumfukuza mgeni. Sema "l'addition, s'il vous plaît" na uikague: chupa za maji, idadi ya kahawa, glasi za kuanzia, nyongeza. Hapo ndipo makosa hujificha.

Bakshishi inategemea uko wapi. Ufaransa, kisheria bei zilizoandikwa zina kodi na huduma ndani yake. Ukiridhika acha kitu kidogo, usipoacha hakuna anayekasirika. London, asilimia 12.5 mara nyingi huwa imeshaongezwa na unaweza kuomba iondolewe kama huduma ilikuwa mbovu. Marekani kwa kawaida haimo, na asilimia 18 hadi 20 ndiyo inayotarajiwa, ila kwa meza kubwa huongezwa yenyewe. Tafuta neno "service" kwenye karatasi kabla hujajaza nafasi iliyo wazi chini yake, usije ukalipa mara mbili.